Injini ya Kushoto

Kakuma, 11 Machi

Nimefika salama, ila kiuno kinadai talaka. Ekal, dereva niliyepewa, ni Mturkana mpole sana akiwa chini, lakini akishika usukani hajui breki iliwekwa ya nini. Sikupumzika. Nilimwambia anipeleke moja kwa moja uwanjani nikaione ndege.

Imekula chumvi, hilo halina ubishi. Ina injini mbili, na mkia wake umekalia kigurudumu kidogo huku pua ikitazama juu, kama mbwa aliyekaa akisubiri mfupa. Wakati wa vita vya Sudan ilikuwa ikibeba unga na dawa kutoka Lokichoggio. Kazi ile ilipoisha ikaachwa hukohuko jangwani. Mwaka juzi rubani mmoja alijaribu kuiondoa, injini ya kushoto ikamkoholea angani, akaiteremsha hapa Kakuma, akapanda gari na hakuonekana tena. Sasa tajiri mmoja wa Juba ameinunua na mimi ndiye wa kumpelekea. Nimerusha ndege tangu usichana wangu, lakini ya namna hii sijawahi hata kuikalia. Nilimweleza hivyo kwa simu. Akaniuliza, "Captain Nekesa, ndege si ni ndege?" Nami kwa kiburi changu nikacheka, nikakubali.

Fundi wake anaitwa Thiong. Ni Mdinka, mrefu na mkimya, aliletwa hapa kambi ya wakimbizi akiwa mtoto mdogo, akasomea ufundi wa ndege Nairobi, akarudi. Nilimuuliza kwa nini amekubali kazi ya kufufua maiti.

"Sikuchukua hii kazi juu ya ndege, Captain. Nilichukua juu ya kiti," akasema.

Kiti chenyewe ni kile cha kulia, kando yangu. Mama yake yuko kijijini upande wa Bor, mzee na mgonjwa, miguu imevimba na chakula hakipiti. Hawajaonana tangu Thiong avuke mpaka akiwa amebebwa mgongoni na mjomba wake. Barabara ya Juba mvua ikianza haipitiki, na pale inapopitika watu hupigwa risasi. Karatasi zake za kusafiri zimetoka mwaka huu. Tajiri ameahidi kwamba tukifika Juba atampandisha ndege yake nyingine hadi Bor. Kwa hiyo kijana anataka kumwona mama yake akiwa hai, na njia yake ni hili kopo.

14 Machi

Joto. Nimesoma kitabu cha ndege mpaka macho yakaniuma. Kimeandikwa na watu waliodhani kila msomaji alishakufa vitani mara moja.

18 Machi

Leo tumecheza mchezo wa vipofu. Nimekaa kwenye kiti cha rubani, nimejifunga leso machoni, na kazi yangu ni kugusa kila swichi na kila mpini bila kuona. Thiong anapiga kelele nami natenda. Ndivyo mtu anavyojifunza ndege ngeni ikiwa hakuna mwalimu aliye hai wa kumfundisha.

"Injini ya kushoto imekufa!"

Injini moja ikifa wakati wa kupaa, rubani ana nafasi ya kuvuta pumzi tu. Anatakiwa azime iliyokufa na kulaza mapanga ya propela yake yasizuie upepo, halafu aiachie ile nzima ibebe mzigo. Nilinyoosha mkono, nikavuta, nikajisifu kimoyomoyo.

"Captain," akasema taratibu, "umezima ile nzima. Sisi wote tumekufa."

Tukacheka, yeye akinificha meno kwa mkono wenye grisi. Kisha nikaikaza leso, nikamwambia aanze upya.

21 Machi

Mvua ya kwanza. Watoto wa Kakuma wametoka nje uchi wakishangilia. Mimi nimeziba dirisha la ndege kwa mfuko wa plastiki.

24 Machi

Nimekasirika. Tuliwasha injini zote mbili jana, zikanguruma vizuri, hata Ekal akapiga makofi. Leo asubuhi Thiong akafungua chujio la oili la injini ya kushoto, akamwaga oili yake juu ya kitambaa cheupe. Kulikuwa na vipande vidogo vya chuma, vyembamba kama magamba ya dagaa, vikimetameta. Akanionyesha kimoja kimoja kama mtu anayemwonyesha bibi harusi vito vyake.

"Hii injini inajikula ndani. Iko silinda moja imeisha. Mimi siwezi kusaini kwamba iruke."

Nikamwambia injini ya umri huu lazima itoe makapi kidogo. Nikamwambia mvua inakuja, uwanja utageuka tope, tutakwama hapa hadi Juni. Nikamwambia hata mama yake anamngojea. Hapo akakunja kitambaa.

"Najua mama yangu ananingojea. Nataka anione nikishuka. Sitaki aambiwe nimeanguka."

Nilinuna. Naandika hapa kwa hasira, labda kesho nitafuta: huyu kijana ni mwoga, na anajificha nyuma ya chujio.

27 Machi

Silinda imeagizwa Nairobi. Itafikishwa Lodwar, tuifuate huko kwa barabara. Tunangoja.

30 Machi

Tunangoja. Nimekula mbuzi mpaka naogopa kulia kama yeye.

2 Aprili

Leo mtandao umeshika na Thiong akampigia mama yake akiwa chini ya bawa, mimi nikiwa ndani nikifuta vioo. Jina lake ni Agot. Sauti yake ilikuwa ndogo, inakuja na kupotea. Sijui Kidinka lakini mtu hahitaji kukijua ili asikie mzee akihema. Baadaye Thiong akainua simu dirishani kwangu.

"Anataka kukusalimia. Anauliza, wewe ni mtu wa kuchelewa?"

"Mwambie mimi ni mtu wa kuwahi," nikasema.

Akamtafsiria. Nikamsikia mama akicheka kidogo kisha akakohoa sana. Thiong akaenda mbali na simu yake, akazunguka mkia wa ndege akiongea kwa sauti ya chini. Aliporudi alishika spana, akaendelea na kazi. Nimefuta ile hasira ya tarehe ishirini na nne, moyoni tu, wino nimeuacha.

5 Aprili

Mvua kutwa. Mto Tarach umejaa, upande wa pili haufikiki. Simu za Bor hazipatikani. Jamaa zake wanasema mafuriko yameangusha mnara.

9 Aprili

Silinda imefika Lodwar. Kesho mimi na Ekal tunaifuata. Thiong anataka kuja lakini nimemwambia abaki na ndege.

12 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Lodwar tulifika vizuri, tukachukua sanduku, tukalifunga nyuma ya pikapu kwa kamba mbili. Sokoni nikakutana na Mawien, mjomba wake Thiong, yule aliyemvusha mpaka mgongoni. Sasa ni mzee wa nywele nyeupe mwenye duka la nguo kambini, na alikuwa amekuja Lodwar kuchukua mzigo. Akaomba tumbebe. Nilifurahi kupata mtu wa kuongea naye, maana Ekal huongea na ngamia tu.

Kabla ya kufika Kakuma tukakuta laga, mto ule wa msimu ambao siku nyingi ni mchanga mtupu, imejaa. Maji mekundu yalikuwa yanakata barabara kwa nguvu, yanabingirisha miti mizima. Malori ya kwenda Sudan Kusini yalikuwa yamepanga mstari, madereva wamelala chini yake. Ekal akashuka, akachovya fimbo, akarudi.

"Hii maji iko na hasira. Tutangoja mpaka ichoke," akasema, akaenda kusalimiana na wenzake, "Ejok, ejok," mpaka akapotea kati ya malori.

Tukabaki wawili ndani ya gari. Mawien akasafisha koo.

"Mama Captain, nitakupa neno na utalibeba na mimi. Agot amekufa."

Nikamuuliza lini. Akasema ni siku chache baada ya ile simu. Habari ilimfikia kwa redio ya kanisa. Wamemzika tayari. Kambi nzima ya watu wa kwao inajua. Mnara wa simu haukuanguka popote, wanaendelea tu kumwambia Thiong hivyo.

"Na yeye hamjamwambia?"

"Atapewa vipi? Peke yake, kwa jua, spana kwa mkono? Hapana. Kwetu kifo mtu anapewa akiwa amekaa. Anakunywa maji kwanza, anakula. Watu wake wanakaa pande zote, wa kumshika. Hapa sisi ni wachache, mimi na wazee kidogo. Ndugu zake wote wako kule. Wacha afike nyumbani, wampe huko karibu na kaburi. Wewe unakaa na yeye kutwa. Mtu akitaka kuropoka, umzuie. Na peleka ndege haraka, yani, watu wanamngoja."

Kwetu Bungoma mtu akikata roho ukemi unasikika hadi mto wa pili, na jogoo hajawika kijiji kizima kimejaa uani. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini alikuwa analia bila sauti, mzee yule, machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu, na huyu Agot ni dada yake. Nikamkubalia shingo upande.

Maji yalichoka alasiri, tukavuka, tukamshusha Mawien kambini. Thiong alitupokea getini uwanjani akikimbia. Akafungua sanduku, akaitoa silinda, akaikumbatia kifuani kama mtoto.

"Captain, wewe kweli ni mtu wa kuwahi!" akasema, akacheka kwa meno yote, bila kuyaficha. Nikasema nina kichwa kinauma, nikaenda kulala.

13 Aprili

Sijaweza kumtazama usoni.

15 Aprili

Silinda imefungwa. Anafanya kazi akiimba. Amenunua shati jipya la kumvalia mama yake, akaniuliza kama rangi inamkaa. Nikasema inamkaa. Nimejikaza kisabuni kutwa nzima na sasa, nikiandika, sijikazi tena.

17 Aprili

Leo tumeiwasha injini ya kushoto kwa muda mrefu. Ilinguruma sawasawa masikioni mwangu. Thiong akazima, akaruka chini, akaenda kufungua chujio. Nilichelewa kumfuata kwa sababu mkanda ulinikwama. Nilipofika, chujio lilikuwa limeshaoshwa kwa petroli, linang'aa, limewekwa juu ya kitambaa cheupe.

"Safi," akasema. "Tuende kesho. Mvua imepumzika."

Safi kabla sijaliona? Yule aliyenionyesha magamba moja moja? Nikainama, nikavuta beseni la petroli aliyooshea, nikaligeuza kwenye jua. Chini kulikuwa kumetulia vumbi la chuma, na ndani ya vumbi vipande vikubwa kuliko vya kwanza.

Thiong akasema haraka haraka, bila kunitazama, kwamba hayo ni mabaki ya silinda ya zamani, kwamba Juba si mbali, kwamba injini itafika, nikiihurumia itafika.

"Thiong, wewe ndiye uliyekataa kusaini."

"Ile siku mama yangu alikuwa anaongea kwa simu!" akapasuka. "Sasa hata simu hakuna. Mtu mzee, hajui kama niko njiani. Captain, kila siku moja hapa mimi namuua. Wewe unaweza kurusha, umefanya mazoezi, hata ikikufa angani utazima ile yenye iko kushoto, utafika na moja."

Nilijua siwezi. Sijawahi kuirusha hii ndege hata kwa dakika moja, nami bado nikifumba macho mkono wangu hutafuta upande usio wake. Lakini si hilo lililonikaba. Kilichonikaba ni kwamba kijana alikuwa tayari kufa, na kuniua, ili amwahi mama ambaye yuko chini ya udongo, na mimi nilikuwa najua.

"Sirushi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Injini ni mbovu."

"Wewe ulisema makapi ni kawaida! Wewe!" Akanitolea macho. "Huna huruma. Labda wewe hukuwa na mama."

Akachukua shati lake, akaondoka kwa miguu kuelekea kambini. Ekal alikuwa amekaa chini ya bawa, amesikia yote. Akasema tu, "Hii si nzuri," akainuka kukusanya spana.

18 Aprili

Thiong hakuja. Mvua imerudi.

19 Aprili

Alikuja, akafanya kazi upande wa kulia, hakunisalimia. Mchana nikasikia akimpigia tajiri simu, akimwomba atafute rubani mwingine mwenye roho. Tajiri akasema yuko mmoja Lokichoggio, kijana, anaweza kuja Jumatatu.

20 Aprili

Nimevunja ahadi ya Mawien.

Sikulala vizuri, nikaamka nimeamua. Huyo kijana wa Lokichoggio akija atairusha. Nawajua vijana, nilikuwa mmoja wao. Atasikia mngurumo mzuri, atasema ndege ni ndege, nao watapaa juu ya Tarach na injini itafia hapo. Watu wa Thiong wanataka kumlinda na habari, na habari hiyo hiyo, kwa kufichwa, itamzika.

Nilimkuta ameegemea gurudumu. Nikamwambia akae. Hakukaa. Sikuwa na maji ya kumpa ila yale ya chupa yangu, ya moto, nikamnyooshea naye hakuyapokea. Sikuwa na watu. Nikasema kwa Kiswahili, lugha isiyo ya mama yake wala ya mama yangu:

"Thiong, mama yako amefariki. Siku nyingi sasa. Pole, mwanangu."

Hakulia. Nilingoja alie, nilikuwa nimetayarisha mikono. Uso wake ulifungwa tu, kama duka.

"Lini?"

"Baada ya ile simu."

"Nani anajua?"

"Mjomba wako. Watu wenu wote."

"Na wewe, tangu Lodwar, ulipombeba mjomba."

"Tangu Lodwar."

Akafikiri. Nikaona anazirudia siku moja moja.

"Nilikuwa naimba," akasema. "Nilikuuliza juu ya shati. Wewe ulikuwa unaniangalia naimba."

Akainama, akaokota spana, akaanza kuifungua injini ya kushoto, ile ile mbovu, bolti moja baada ya nyingine, akizipanga chini vizuri kwa mpangilio wake. Alifanya hivyo mpaka alasiri. Mimi nilikaa palepale juani nikimshikia kopo la bolti. Kabla ya kwenda akasema neno moja tu.

"Usimwambie mjomba kama umeniambia."

22 Aprili

Nilienda dukani kwa Mawien, nikamwambia ukweli nusu, kwamba injini imefunguliwa yote, haitaruka kabla ya Juni. Tajiri ameambiwa na Thiong mwenyewe, amekasirika, lakini yule rubani wa Lokichoggio haji tena. Mzee akashika kichwa. Akasema basi, khalas, hawawezi kumficha hadi Juni, watampa hapa hapa na wachache waliopo. Kesho. Akaniomba nimlete bila kumwambia sababu.

23 Aprili

Nilimleta. Ekal aliendesha polepole, sijui nani alimfundisha leo. Njiani Thiong alivaa lile shati jipya.

Nyumba ya Mawien ni ya matope na mabati, ua umefagiliwa. Walikuwa wengi kuliko alivyonihesabia. Wazee, akina mama, vijana waliosoma naye, hata Wanuer majirani, ambao kule kwao hupigana na Wadinka, walikuja wakakaa kando ya ukuta. Wote walitabasamu alipoingia, tabasamu za watu wasiojua kudanganya. Akazunguka, akamsalimia kila mmoja kwa mkono. Akamtania shangazi mmoja kwamba amenenepa. Nikajua anaigiza, na nikaogopa ataigiza vibaya, watagundua, nami nitakuwa nimewaharibia wote.

Wakamkalisha kwenye kigoda katikati. Mke wa Mawien akapiga goti, akampa maji ya baridi ndani ya kibuyu. Akayanywa yote. Wakaleta asida, ugali wao wa mtama, na mboga, akala. Alikula taratibu, mpaka akaukomba mchuzi wa mwisho kwa kidole, akamshukuru mpishi. Akina mama walikuwa wamesogea bila kusimama, wanaburuta makalio kwenye mchanga, mpaka wamemzunguka.

Mawien akavua kofia, akaongea Kidinka. Sikuelewa ila jina. Agot.

Nilidhani ataruka, atapiga kelele kama inavyopasa, na mimi nitashusha pumzi. Hakufanya hivyo. Alimtazama mjomba wake usoni kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, mdomo ukafunguka, na ile sauti ambayo haikutoka mbele yangu pale juani ikatoka. Hakuwa anaigiza. Alianguka kando, na kabla hajagusa chini mikono ilikuwa imeshamdaka pande zote, mgongoni, kichwani, wanawake wakaangua kilio walichokimeza wiki zote hizo, Mawien akambeba kifuani mtu mzima yule mrefu, akimwita jina la utotoni.

Nilisimama mlangoni sijui pa kwenda. Mama mmoja akaniona, akavuta sketi yangu, akanikalisha chini pamoja nao. Kichwa na mikono ya Thiong ilikuwa imeshikwa na watu wake. Nikashika mguu wake, ndio uliokuwa karibu nami, nikaushikilia hadi aliponyamaza.